Siku nne za kuonja mvinyo Hombolo

Siku ya kwanza, Alhamisi

Krismasi iliyopita shemeji yangu alikuja Dar na chupa isiyo na lebo. Chupa yenyewe ilikuwa imeshatumika, maana pale gundi ya lebo ya zamani ilipokwanguliwa kwa kisu palikuwa bado pananata. Tukaimimina, tukanywa, kisha wote wakanigeukia mimi ninayejifanya mjuzi: ikoje? Nikazungusha mdomoni, nikatazama dari, nikasema, "Kali." Mama mkwe akaangua kicheko. "Pilipili kali, panga kali, ndimu kali, na hii nayo kali? Haya baba, tumekusikia."

Aibu ile nimekaa nayo hadi Agosti hii. Shemeji ni mtumishi wa serikali, mmoja wa wale waliofungasha virago kuanzia 2016, uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma ulipoanza kutekelezwa kwa kishindo. Chupa ile aliinunua kwa mama mmoja upande wa Hombolo, ambaye ana shamba la zabibu na banda la kusindikia, na habari zake huwezi kuzipata dukani wala mtandaoni. Nikampigia simu nikamwambia nakuja. Akajibu, "Njoo, ila huku tunanywea kikombe cha chai." Sikumwamini. Nikaviringisha glasi mbili zenye mguu ndani ya soksi, nikatia na daftari kwenye begi.

Nimekuja na treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Sina mengi ya kusema juu ya treni: kiti kizuri, kiyoyozi kikali (hilo neno tena), na jirani yangu alilala tangu Pugu. Nilichokitazama ni ardhi. Hadi Morogoro ni kijani. Ukishapita mahandaki ya Kilosa na kuikaribia Gulwe, nchi inavua nguo: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mibuyu isiyo na jani hata moja. Unajiuliza ni nani aliyeutazama ukame huu akawaza zabibu. Jibu ni wamisionari Wakatoliki waliotaka divai ya misa. Mizabibu yao, kama ile ya Bihawana, ndiyo iliyowafungua macho wengine.

Tahadhari moja kwa wasafiri wenzangu. Ukiona Makutupora kwenye habari za SGR, yaani reli ya treni hii ya umeme, usidhani ndiko kwenye zabibu. Ile ya reli iko Singida, upande wa Manyoni. Makutupora ya zabibu, yenye kituo cha utafiti, iko jirani na Dodoma mjini, ukishika barabara ya Arusha. Nusura nimpotoshe mtu stesheni kwa kujiamini.

Siku ya pili, Ijumaa

Shemeji yuko kazini, nikaenda peke yangu. Daladala hadi Ihumwa, kisha bodaboda. Agosti Dodoma ni upepo. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, saa sita jua linakuchoma ngozi ileile, na vumbi halina saa. Nilifika meno yakisaga mchanga.

Hakuna bango. Kuna nyumba ya bati, mwarobaini mmoja mkubwa, na banda la matofali ya kuchoma lenye madirisha ya wavu. Mama alitoka akiwa na kanga kiunoni na mabuti ya mpira miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbukwenyi! Umekuja kununua au kuuliza?"

"Vyote viwili."

"Kuuliza hakuna bei. Ila kesho alfajiri utavuna."

Sitamtaja jina. Hakunikataza, lakini ana biashara ndogo na maisha yake, na nyie nawajua.

Shamba lake ni eka moja na nusu. Mizabibu imetandazwa kwenye nguzo na waya, na kwa mbali ungedhani ni kamba za kuanikia nguo zilizoota majani. Vitabu vya mvinyo vinasema mzabibu unapenda nchi zilizo kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini. Kinachoisaidia ni kimo, maana iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku unapoa. Kinachosaidia zaidi ni ukame wenyewe: mvua zinaisha Aprili, na kuanzia hapo hadi Novemba au Desemba mbingu imefungwa.

Nilimuuliza kwa nini huku wanavuna mara mbili kwa mwaka na Ulaya mara moja. Akachukua mkasi wa kupogolea uliokuwa umetundikwa kwenye nguzo.

"Kule mti unalala, si kuna baridi? Huku baridi ya kuulaza hakuna. Huu mkasi ndio baridi yake. Nikiukata mwezi wa tatu au wa nne, unashtuka, unachipua, navuna mwezi wa nane, wa tisa. Nikiukata tena baada ya hapo, navuna mwezi wa pili, wa tatu."

"Na mavuno yapi mazuri?"

"Haya ya sasa. Yale mengine yanakutana na mvua." Akaniorodheshea maadui zake kama mtu anayetaja wadeni: ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yale magonjwa ya ukungu, kisha ndege, nyigu. Dhidi ya ubwiri unga anapulizia salfa. Dhidi ya ndege ana wajukuu.

Halafu tukaketi chini ya mwarobaini akanisimulia banda lilivyoanza, na hapa niliacha kuandika nikasikiliza tu. Mwaka mmoja mnunuzi aliahidi kuleta gari. Zabibu zilikuwa zimeiva, vibarua wameshalipwa nusu. Siku ya kwanza gari halikuja, wala ya pili, na siku ya tatu simu haikupokelewa tena. Mahindi yangemsubiri, na mtama ungemsubiri zaidi. Zabibu ukiziacha kwenye tenga siku mbili za jua, chini zinaanza kulia. Akakusanya mapipa ya bluu ya kijiji kizima, mengine yalikuwa ya maji, moja la kuhifadhia chumvi, akaponda alichoweza. Hakuwa na hamira ya kazi hiyo wala mfuniko wa kubana. Baada ya wiki kadhaa akapata mapipa sita ya siki.

"Ukafanyaje?"

"Nikauza siki. Mwaka uliofuata nikaenda Makutupora kufundishwa."

Wakulima wengi huku huishia kwenye kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Wanakamua, wanachachusha, wanauza kwa lita kwa wenye viwanda, na huko ndiko unakochujwa, unapata chupa, lebo na jina. Mama naye huuza mchuzi, tena ndio unaomlipa haraka. Chupa ni kitu chake mwenyewe. Anazijaza mia chache kwa msimu, ananunua chupa tupu kutoka hoteli za mjini na kuziosha kwa maji ya moto na magadi soda.

Usiku tulikula ugali wa uwele, mlenda, na perege wa bwawa la Hombolo. Nililala saa tatu, na kwa mtu wa Tabata hiyo ni saa ya kwenda kununua chipsi.

Siku ya tatu, Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri mlango uligongwa. Tulivuna na tochi. Wanavuna mapema kwa sababu zabibu ikiingia bandani ikiwa ya moto itachacha kabla hujaiambia ichache. Unashika kichala kwa kiganja cha kushoto, unatafuta kikonyo kwa vidole maana gizani huoni, unakata. Usivute. Nilivuta mara moja, punje zikamwagika chini, na kijana aliyekuwa mstari wa pili akasema kwa upole, "Kaka, hizo umelisha kuku."

Jua lilipochomoza Mama alikuja na kidude kama darubini ya mtoto. Akaminya punje moja, tone likadondokea kwenye kioo, akafunika kifuniko chake, akanipa nitazame nikielekea mashariki. Ndani kuna vipimo kama vya rula, juu bluu, chini nyeupe, na mpaka wa rangi hizo mbili ulikuwa umekaa kwenye 21. Hiyo ndiyo sukari. Hamira ikiila yote, unapata mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 hivi. Tukapima vichala vya upande wa kivuli: 18. Hivyo akaamuru viachwe juma moja zaidi. Uamuzi wenyewe haukumchukua hata dakika, nami nimehudhuria vikao vya bajeti vya siku tatu visivyofikia popote.

Bandani wasichana wawili walikuwa wanachambua vikonyo kwa mikono kabla zabibu hazijaingia kwenye mashine ya kuponda, ambayo ni ya kuzungusha kwa mkono. Nikauliza kwa nini wasumbuke, si vitachujwa baadaye?

"Vikonyo vikikaa humo," Mama alisema, "vitatia ukakasi."

Niliandika neno lile kwa herufi kubwa. Ukakasi! Nimekulia Mtwara, nimekula mabibo ya kutosha kukausha ulimi wa tembo. Neno hilo nilikuwa nalo tangu nina miaka mitano, ila sikuwahi kufikiri lina kazi mezani.

Kwa mweupe, zabibu zinakamuliwa na juisi inatengwa na maganda mara moja. Kwa mwekundu, maganda yanabaki humohumo, maana rangi iko kwenye ganda na si kwenye maji ya ndani. Siku ya pili maganda yanapanda juu na kujibana kama mfuniko, na inabidi yasukumwe chini mara tatu kwa siku, la sivyo yanakauka na kuharibika. Kazi hiyo inafanywa na mwiko wa kupikia wali wa shughuli, mrefu kama mimi. Nilipewa zamu kwenye tangi lililojazwa Alhamisi. Mwiko unazama, unakutana na ukinzani, kisha ghafla unapenya na povu la zambarau linapanda likinguruma. Nilipoinama kunusa nikavutwa shati kwa nyuma. "Usiingize kichwa." Hewa ukaa inayotoka humo ni nzito, inakaa juu ya mchuzi ikikusubiri, na watu wamewahi kupoteza maisha kwenye matangi ya namna hiyo.

Mashine za kupoozea hana. Ana magunia yaliyoloweshwa, amezungushia simtanki zake, na upepo wa Agosti unaopita madirisha ya wavu. Kutoka kwenye mfuniko wa kila tangi la mweupe unashuka mpira mwembamba ambao ncha yake imezamishwa ndani ya chupa ya maji, inatoa viputo: blu, blu, blu. Wajukuu wanajua kwa kusikiliza tu tangi lipi linafanya kazi na lipi limechoka.

Kuonja kulianza saa tisa alasiri. Nikatoa glasi zangu. Mama akaigeuza moja juu chini.

"Huu mguu wa nini?"

"Ili mkono usiupashe moto mvinyo."

Akafikiri. "Basi mweupe tutie humo. Mwekundu kwenye kikombe, hauna deko."

Akaanza na siki. Kweli, siki. Analo dumu moja analolitunza, na kila mgeni lazima aanzie hapo. "Ujue ubaya unanusaje, ndipo nisikudanganye." Nilinusa, machozi yakanitoka. Ukishainusa vile, ukikutana nayo kidogo tu ndani ya chupa ya mtu mwingine unaitambua, hata akikwambia ndiyo ladha ya kienyeji.

Wa pili ulikuwa Chenin Blanc wa mavuno ya Agosti mwaka jana. Zabibu hiyo asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, na Dodoma imeshazoea udongo. Ulipofunguliwa ulitoa harufu ya yai la kuchemsha, nikamtazama Mama kwa jicho la pembeni. Akaniambia nitikise glasi. Nikatikisa kama dakika mbili, harufu ikaondoka, likabaki pera lililoiva na kwa mbali asali. Nilipomeza, mate yalinijaa pande zote mbili za taya. Nikafungua mdomo kusema lile neno langu, nikajizuia.

"Ina ugwadu," nikasema.

"Ugwadu wa nini? Wa ndimu au wa ubuyu?"

Nikanywa tena. Ulikuwa wa ubuyu, ule unaomung'unya kutoka kwenye kokwa, haujatiwa sukari wala rangi. Ndimu inakupiga mara moja ikaondoka. Huu ulikaa.

Kisha mweupe wa pili, shamba lilelile, zabibu ileile, mavuno ya Februari. Mvua ilinyesha wiki mbili kabla ya kukata. Tulitazamana na wote tukasema pamoja, "Chapwa." Hakubishana. Alisema huo huwauzia wenye harusi, unapoozwa sana kwenye barafu na hakuna anayeuliza.

Mwekundu ni wa zabibu iitwayo Makutupora Red, zabibu ya huku. Ule wa mwaka jana ulinibana ulimi, fizi na ndani ya mashavu kama ndizi mbichi, nikajiona mtoto mdogo chini ya mkorosho, shati lote limechafuka madoa ya bibo. Watu wengi wakikutana na hali hiyo wanasema mvinyo umeharibika. Haujaharibika. Mama alileta mwingine, wa zabibu hizohizo, aliouweka kwenye chupa kubwa za kioo miaka miwili bila kuugusa. Ukakasi ulikuwepo, lakini umerudi nyuma hadi kwenye fizi, umekaa pale kimya, na katikati ya ulimi pamepata nafasi ya zambarau mbivu, moshi kidogo, na kitu kama udongo mkavu ukipigwa na tone la kwanza la mvua. Nilimaliza kikombe, nikatafuna karanga za kuchoma, nikaomba kingine. Ndio niliokuja kuutafuta, na sasa najua ndio ule wa Krismasi.

Wa mwisho ni mtamu. Huo anautia sukari, kwa sababu ndio unaonunuliwa. Watanzania wengi tumeijulia Dodoma kupitia Dompo, na mtu akiupata mvinyo usio na sukari anadhani kapunjwa. Mimi sikuupenda. Utamu ulikuwa umelala juu ya kila kitu kama blanketi, sikujua tena kama chini yake kuna Agosti au Februari. Nilipomwambia, Mama hakununa.

"Wewe kunywa ule wako. Huu ndio umelipa ada za wajukuu wangu wote."

Nilinunua chupa tatu kwa shilingi elfu kumi kila moja: mweupe wa Agosti, mwekundu wa miaka miwili, na mtamu mmoja kwa ajili ya mama mkwe. Akaniongezea siki kwenye chupa ya soda. Juu ya mtamu alinipa onyo: ni mchanga, una sukari, na hamira haijafa yote. "Usimamishe, uwe kivulini." Nikaitikia kama mtu anayesikiliza.

Siku ya nne, Jumapili

Nimerudi kwa basi. Shemeji alinishusha Nanenane, nikapata kiti cha dirishani, na kwa kuwa nilikuwa sijalala vizuri sikufikiria jua litakuwa upande gani. Lilikuwa upande wangu. Kikapu kilikuwa miguuni, chupa zimelala.

Kibaigwa tukanunua mahindi ya kuchoma. Gairo nikasinzia. Tunaikaribia Dumila nikasikia mlio kama tairi la baiskeli, na kitu kikagonga dari ya basi. Kizibo. Mtamu wote ukapanda kama chemchemi, ukashuka kwenye suruali yangu, kwenye korido, na kwenye kanga ya mama wa makamo aliyekaa kando yangu.

Kondakta alikuja akipiga makelele. "Nani kafungua pombe humu? Gari la abiria hili!" Nikaanza kueleza mambo ya hamira na sukari na joto. Basi zima limenigeukia. Yule mama alitazama kanga yake, akatazama vidole vyake, akavilamba kimoja kimoja.

"Mbona tamu," akasema. "Sasa unaimwaga ya nini?"

Nilimlipa ya kufulia, akakataa. Akaomba tone lililobaki chini ya chupa.

Tabata nilifika saa mbili usiku nikinuka kama tangi la Alhamisi. Ya mama mkwe ndiyo hiyo iliyoishia Dumila, kwa hiyo nikampa siki na maelezo marefu. Hakusema kitu. Akaenda jikoni, akakata kachumbari, akainyunyizia, akaonja, akaonja tena.

"Ikoje?" nikamuuliza.

"Sema wewe, si ndiye uliyekwenda kusomea."

Nikachukua kijiko. "Ina ugwadu unaopanda puani, halafu ukakasi kidogo kwa nyuma, wa maganda."

Akanitazama kwa muda, akaongeza chumvi.

"Kali," akasema, akalipeleka bakuli mezani.